Mgeni Hachagui Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Husemwa kumhimiza mgeni asikae bure, na wengi tunaishia hapo. Mimi husikia neno jingine ndani yake. Jembe ni la mwenyeji. Ni yeye anayejua konde liko wapi, mvua imefika wapi, wapi pana udongo na wapi pana jiwe. Anayeijua Unguja ya kusini na mashariki, ile ardhi ya maweni ambako udongo hukaa kwenye vishimo vya mwamba, anajua kwamba mgeni atakayelima huko bila kuuliza atavunja mpini kabla ya adhuhuri.

Nimeuchukua msemo huo uwe kipimo cha jambo moja. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, lina waumini wake Unguja, nao wamo katika Dayosisi ya Mashariki na Pwani yenye makao Dar es Salaam. Ni wachache sana ndani ya visiwa vya Zanzibar, ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, karibu wote Waislamu. Kanisa hilo hufundisha kwamba imani isiyomfikia jirani kwa mikono ni maneno matupu. Sasa katika Mji Mkongwe, mahali adhana inapopokezana kutoka msikiti hadi msikiti, jirani huyo anahudumiwaje pasipo huduma kuwa chambo? Na anayehudumu, hata kama nia yake ni safi, atajuaje kwamba haonekani mvuvi?

Swali hili lina umri mrefu kuliko KKKT yenyewe, iliyoundwa 1963. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, alishuka Unguja Januari 1844. Seyyid Said bin Sultan alimpokea, akamwandikia barua kwa wakuu wake wa pwani kuwaeleza kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaita watu kwa Mungu, wamtendee vizuri. Sultani Mwislamu ndiye aliyemfungulia mlango mhubiri wa Kikristo. Krapf alikwenda Mombasa, na huko, mwezi Julai mwaka huohuo, alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Kadhi wa mji alimsaidia katika kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Ukiuangalia mwaka wake huo wa kwanza, karibu kila kitu alikipokea yeye: ruhusa, lugha, ulinzi, na kipande cha ardhi cha kuzikia.

Walutheri waliomfuata walikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1886 jumuiya ya misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliundwa mjini Berlin, na Carl Peters, yuleyule wa mikataba ya hila na wakuu wa Usagara, alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Moja ya kazi za mwanzo za jumuiya hiyo ilikuwa hospitali Unguja ya kuwauguza Wajerumani. Hebu tulitazame hilo kwa utulivu. Huduma ya kwanza ya Kilutheri iliyokuwa na jengo na wauguzi katika kisiwa hiki iliwekwa kwa ajili ya wageni wenyewe, chini ya kivuli cha kampuni ya Wajerumani iliyokuwa ikinyang'anya pwani. Watu wa pwani walipoinuka mwaka 1888 wakiongozwa na Abushiri bin Salim, hawakukaa kuchambua nani ni wa kampuni na nani ni wa misheni, na siwezi kuwalaumu kwa kutochambua kitu ambacho wamisheni wenyewe walikuwa wamekichanganya. Kisha mkataba wa Heligoland wa 1 Julai 1890 ukaiweka Unguja na Pemba chini ya Waingereza. Walutheri wakabaki bara. Ndiyo maana hadi leo Ulutheri wa Unguja hauna mizizi ya karne nzima kama ya Kilimanjaro au Uzaramo. Ulivuka bahari baadaye, ukiwa katika mizigo ya watumishi wa umma, askari na wafanyabiashara.

Walipovuka, walikuta kumbukumbu ya kanisa imekwisha kuandikwa na wengine. Waanglikana wa misheni ya UMCA walihamia Unguja 1864. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alipolazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, Edward Steere alianza kujenga kanisa kuu papo hapo. Mbweni na Kiungani zilikuwa skuli na makao ya watoto waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Ilikuwa huduma kubwa, na iliokoa maisha. Lakini waliohudumiwa walikuwa watu wasio na ukoo wala mji wa kurudi. Waliingia misheni, wakasoma misheni, wakaoana misheni, wakawa Wakristo. Nani angeweza kusema wamechagua? Tangu hapo, katika masikio ya Waunguja wengi, neno huduma likitamkwa na kanisa hufuatwa na swali la pili lisilosemwa kwa sauti: na baada ya hapo?

Hata elimu ya dini ya mwenzio ilitumika hivyo. Mwaka 1923 padri wa UMCA, Godfrey Dale, alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili, ya kwanza kamili, iliyokusudiwa kuwasaidia walimu wa misheni katika kubishana. Ilichukua miaka mingi kabla Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanazuoni wa Unguja, hajatoa yake iliyokamilika mwaka 1969. Ninalitaja hilo kwa sababu kituo ambacho Walutheri walikuja kukianzisha, nitakachokitaja mbele, kilibeba kazi ileile ya kusoma dini ya jirani. Kililazimika kuibeba kwa namna itakayoonyesha waziwazi kwamba safari hii hasomwi ili ashindwe.

Halafu kuna Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Tarehe 23 Septemba mwaka huo Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, skuli za misheni zikawa za serikali, na matibabu nayo yakawa haki ya mwananchi bila ya fedha mkononi. Hapa ndipo Unguja na bara zilipoachana kabisa katika suala la huduma za makanisa. Bara, ijapokuwa skuli nyingi zilitaifishwa, hospitali za Kilutheri ziliendelea kuwa nguzo: Haydom, Machame, Ilembula. Mwaka 1992 serikali na makanisa zilitiliana saini makubaliano kuhusu huduma za jamii. Mlutheri aliyezaliwa Moshi au Njombe akisikia neno diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa jamii, huona wodi, sista mwenye sare nyeupe, shule ya bweni yenye msalaba getini. Akifika Unguja picha hiyo haina pa kutua. Mgonjwa anakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Mtoto anakwenda skuli ya serikali asubuhi na chuoni alasiri kusoma Qurani. Maskini ana zaka, ana sadaka, ana ukoo, ana sheha wa shehia yake. Mwenyeji hana shamba tupu la kumkabidhi mgeni.

Nadhani upungufu huo ndio uliowaokoa Walutheri wa Unguja. Wangepewa hospitali, wangejifunika nayo. Kwa kuwa hawakuipata, walilazimika kuuliza.

Kabla sijafika kwenye walichokipata kwa kuuliza, niseme habari za usharika wenyewe, kwa sababu hapo ndipo pana udhaifu ambao mara nyingi hauzungumzwi. Walutheri wengi wa Unguja ni watu wa bara au watoto wa watu wa bara: mwalimu, polisi, karani wa benki, fundi, mpishi wa hoteli, mama anayeuza mitumba. Jumapili baada ya ibada wanafanya mnada kama sharika zote za KKKT. Mzee wa kanisa ananyanyua mkungu wa ndizi au tenga la mayai, bei inapanda kwa vicheko, aliyeshinda analipa kisha anaurudisha mkungu unadiwe tena. Kuku mmoja anaweza kuuzwa mara tatu kabla hajapata mwenyewe. Ni furaha ya kwao, inawakumbusha nyumbani, na fedha yake inasaidia mfuko wa usharika. Lakini tazama nyuso hizo baada ya miaka minne. Nusu wamepata uhamisho. Mchungaji naye amehamishwa. Mwinjilisti aliyekwisha kujua kwamba katika mtaa fulani huanzi jambo kabla ya kumwona sheha na bibi mmoja mkubwa wa mtaa huo, amerudishwa Kisarawe. Anayekuja anaanza upya na picha ya wodi na sista.

Hili ndilo tatizo kuu, na naliweka mbele ya tatizo la kutiliwa shaka na Waislamu, ambalo ndilo linalotajwa kila mara. Shaka huisha mtu akikaa. Kanisa la watu wa uhamisho halikai. Kwa hiyo kazi yoyote inayoshikwa na usharika peke yake ina umri wa kituo cha kazi cha aliyeianzisha. Zilizodumu ni zile zilizowekwa mikononi mwa watu ambao hawaondoki kisiwani, yaani Waunguja wenyewe, walio wengi Waislamu.

Mfano ulio wazi ni Upendo. Dayosisi ya Mashariki na Pwani, ikishirikiana na Danmission ya Denmark, ilianzisha Kituo cha Dini Mbalimbali cha Zanzibar, kinachojulikana kwa kifupi ZANZIC, na katika kazi za ushirika huo kuna Upendo: mafunzo ya ushoni kwa wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo, pamoja na duka la nguo Mji Mkongwe. Kwenye karatasi inaonekana kama mradi mwingine wa vyerehani, na Afrika Mashariki imejaa vyerehani vya misaada vilivyofunikwa vumbi. Tofauti yake inaonekana ukiisogelea meza ya kukatia.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Fundi anayegeuza kanga kuwa gauni lazima aamue jina litaangukia wapi. Likiwekwa chini sana halisomeki. Likikatwa katikati maneno yanageuka kuwa kitu kingine, pengine kitu cha kuaibisha. Mwanamke wa bara anaweza kuwa hodari wa mashine na asilione hilo. Mwanamke wa Ng'ambo aliyelelewa katika kanga hulisoma kabla mkasi haujafunguka: jina hili ni la kumkanya mke mwenza, hili ni la harusini, hili usimwekee mtu kifuani. Basi mezani hapo mwenye hijabu anamfundisha asiyevaa hijabu, na asiyevaa hijabu pengine anamfundisha mwenzake kutia zipu. Hakuna aliyeitwa mhitaji. Anayejua anasema, asiyejua anasikiliza, na dini ya kila mmoja imening'inia ilipo, kwenye kichwa au kwenye mkufu, bila ya mtu kuigusa. Wakati wa sala ukifika anayesali huenda kusali, mashine ikangoja. Wala hakuna somo la maelewano ya dini ubaoni ambalo lingefanya kazi hiyo kwa haraka hiyo.

Na mwanamke huyo akihitimu anakwenda kwao na ufundi ambao hauna msalaba juu yake. Anashona sare za skuli, anashona mabuibui ya Sikukuu. Mchungaji akihamishwa, yeye yupo.

Kazi ya pili haina duka wala bidhaa. Ni kukaa kikao. KKKT iliingia pamoja na Waanglikana, Wakatoliki na viongozi wa Kiislamu katika kamati ya pamoja iitwayo JUVIDIZA, Juhudi za Viongozi wa Dini Zanzibar. Watu hupenda kuzidharau kamati kama hizi, wakisema ni chai na picha. Mimi naomba tuitazame kwa miaka ya 2012 na 2013. Mwishoni mwa Mei 2012 makanisa yalichomwa moto katika ghasia zilizofuata kukamatwa kwa kiongozi mmoja wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali akiwa katika mazoezi ya asubuhi. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa. Jumapili ya 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akiwasili kanisani kuongoza misa. Sheikh aliumizwa, mapadri waliumizwa. Ilikuwa rahisi sana kwa kila upande kuhesabu majeruhi wake peke yake.

Siku kama hizo kamati haiwezi kuzuia risasi. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba simu inapolia usiku, anayeipokea anaijua sauti ya anayepiga. Mchungaji wa Kilutheri ambaye amekwisha kunywa chai ishirini na sheikh, anaweza kumuuliza bila ya woga: mtaa wenu ukoje, vijana wanasema nini? Na sheikh anaweza kumwambia: kesho msifanye maandamano ya kwaya, ngojeni. Kanisa likipata neno hilo limehudumiwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ripoti za miradi huhesabu waliosaidiwa na kanisa tu, na wala hazina safu ya kuandika mara ambazo kanisa limesaidiwa na majirani.

Kuna upande wa fedha, nao haupendezi sana. Sehemu kubwa ya kazi hizi ilisimama juu ya msaada wa Denmark. Wadenmark wametoa kwa moyo, na wengi wao waliokuja walijifunza Kiswahili kwanza, jambo la kushukuriwa. Lakini fedha ya mbali ina masharti yake hata pale isipotaja sharti: ina miaka mitatu mitatu, ina fomu, ina lugha ya vikao ambayo mama wa Kwahani haijui. Duka nalo linategemea watalii. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000; mwaka 2020, korona ilipofunga anga, walishuka hadi kama 260,000, na vichochoro vya Mji Mkongwe vilijaa milango iliyoshushwa komeo. Kila duka la nguo za watalii lilionja. Usharika uliozoea kunadi kuku mmoja mara tatu unajua jinsi ya kujichangia. Sioni kwa nini mnada huo usiweze, kidogo kidogo, kulipa kodi ya chumba cha ushoni, hata kama utakuwa chumba kidogo zaidi ya kile cha mfadhili.

Nirudi kwenye chambo. Walutheri wana hoja ya ndani ya imani yao ambayo nashangaa haitumiwi zaidi Unguja. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, alieleza kwamba matendo mema hayamnunulii mtu wokovu. Kwa hiyo matendo hayo yamebaki huru kabisa, mali ya jirani. Ukilifuata wazo hilo hadi mwisho, Mlutheri anayemsaidia Mwislamu hahitaji kurudi na kitu. Hahitaji jina kwenye daftari la ubatizo, wala takwimu ya kupeleka dayosisini. Na Mwislamu ana hoja inayokutana na hiyo kutoka upande wake: sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inaonya kwamba sadaka hubatilika kwa masimango na maudhi. Dini mbili zinazotofautiana katika mambo mazito zinakubaliana hapa kwamba mkono uliotoa unaweza kuharibu kilichotolewa. Ndiyo maana sipendi kuona mfuko wa mchele wa Ramadhani umechapwa nembo ya kanisa. Anayefuturu kwa mchele huo anafuturu pamoja na nembo, na jirani yake anaisoma.

Sisemi kwamba kanisa lijifiche. Waunguja hawamheshimu mtu anayeificha dini yake. Mchungaji avae kola yake, aseme wazi kwamba yeye ni Mkristo, na akialikwa futari aende. Kinachovunja imani ni kuja na dini mfukoni halafu kuitoa siku ya mwisho.

Na pana shamba moja ambalo wenyeji wamelionyesha kidole kwa muda mrefu, nalo halijapewa mikono inayotosha: vijana wa bara waliojaa katika hoteli za Nungwi, Kendwa, Kiwengwa na Paje. Wengi wao ni Wakristo, na miongoni mwao wamo Walutheri. Wanakuja kwa boti kutoka Dar es Salaam na begi moja, wanalala wengi chumba kimoja katika vijiji vya wavuvi na wakulima wa mwani ambavyo havikuwazoea. Wanakijiji wanalalamika, na wana haki: ulevi barabarani, mavazi, muziki hadi usiku, mabinti wao kushawishiwa. Sharika ziko zaidi mjini. Ujumbe wa wazee wa vijiji hivi kwa makanisa ungeweza kufupishwa kwa maneno manne: watoto wenu hawa, waleeni. Hilo ni jembe linalotolewa kwa mkono wa mwenyeji, ijapokuwa kwa hasira.

Kazi yenyewe ingekuwa ya kawaida sana. Mwinjilisti akae Nungwi mwaka mzima, amtembelee sheha kabla ya kuwatembelea vijana, awafundishe wageni wapya nini huvaliwa wapi na nini hakifanywi mchana wa Ramadhani, awasaidie kusoma mkataba wa kazi kabla ya kuutia saini. Kwani mvua za masika zikianza, Aprili hadi Mei, hoteli hupungukiwa wageni, nyingine hufunga, na mfanyakazi wa msimu huambiwa arudi Juni kama ataitwa. Nauli ya boti hana. Nyumbani hataki kurudi mikono mitupu.

Muulize kijana aliyekwama huko masika mawili alikula nini. Atakutajia mama mwenye nyumba, ambaye alinyamaza kuhusu kodi ya Aprili, na ambaye magharibi ikiingia alimtuma mtoto na sahani iliyofunikwa kwa kawa: muhogo wa nazi, kipande cha samaki, tambi kidogo pembeni. Sahani hiyo hairudishwi tupu, na kijana hakuwa na cha kutia ndani yake. Aliiosha, akaikausha, akaipeleka mlangoni kwa mikono miwili, akapiga hodi.